Jina la Mtoto wa Monique

Hélène alihamia Kalemie na mwavuli. Watu wengine huhamia na vitanda, na kuku, na mama mkwe. Yeye alishuka kwenye lori lililotoka Bendera, ambako mume wake alikuwa fundi wa mitambo ya umeme kabla ya kuletwa mjini, ameshika mwavuli mweusi wenye mpini wa mti. Tangu siku ile sikumwona bila mwavuli huo, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Kuna watu wanaokuchefua kwa jinsi wanavyosimama tu.

Angekaa huko juu kwenye nyumba yao karibu na tangi la maji, yeye na mwavuli wake, nisingekuwa na habari naye. Alinikosea kwa Monique.

Monique alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya, tukigombania kusimama karibu na mwenye kinanda. Tulipoolewa, bahati ilituweka nyumba zinazotazamana katika kambi ya reli. Ignace wake alikuwa fundi wa injini, Florent wangu alikuwa mtu wa bohari. Monique alizaa wana wawili wa kiume, wa kwanza Kizito. Mimi sikuzaa. Naliweka wazi hapa mwanzoni ili lisinisumbue. Kambini wanawake waliitwa kwa watoto wao, Mama Kizito, Mama Denise, na mimi niliitwa Mama Godelieve, yaani mama wa mimi mwenyewe.

Basi Monique aliposhika mimba ya tatu alivuka barabara akiwa bado na unga mikononi, akaketi karibu na cherehani yangu.

"Huyu akikuwa mwanamuke," akasema, "njo Feza. Jina yako. Nimeisha kumwambia Ignace."

Nilijifanya natafuta sindano chini. Siku zile za Zaire majina ya kizungu yalibaki nyumbani na kanisani, na kwenye karatasi za serikali mimi nilikuwa Feza, jina alilonipa bibi yangu. Kwa mwanamke mwenye watoto sita, kupewa wajina ni heshima, anacheka, anamnunulia mtoto kitambaa, yamekwisha. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine kabisa. Maana yake ni kwamba siku nitakapokuwa nimelala makaburini, mtu atasimama katika ua ule na kuita Feza, na mtu ataitika. Nilimtaka mtoto yule kuliko hata mama yake alivyomtaka, na sioni haya kusema.

Mwezi wa nane wa mimba ulipokuwa unakwisha, masere, yaani mtawa wa materniti, hospitali ya wazazi, alimpima Monique akamwambia mtoto amekaa juu kama mvivu, atembee. Azunguke kilima kila siku mpaka mtoto ashuke.

Kilima chenyewe kiko nyuma ya kambi. Wabelgiji walikipanda mikaratusi, wakaondoka, mikaratusi ikabaki. Njia inaanzia nyuma ya nyumba zetu, inapanda katikati ya miti, inapita nyuma ya majumba ya wakubwa yenye mbwa, inafika kwenye tangi la maji. Pale inaingia mtaa wa juu, halafu inateremka kwa parokia na soko mpaka kwenye reli, na reli inakurudisha ulikotoka. Tangi liko katikati hasa. Ukianzia upande huu au upande ule, jasho ni lile lile.

Monique alikuja kwangu kwanza. Hilo nalikubali.

"Tutembee wote, ndugu yangu. Miye peke yangu ntaogopa imbwa."

Nilikuwa na sare za shule zimerundikana mpaka dirishani, sketi za buluu na mashati meupe ya mtaa mzima, na masomo yalikuwa yanafunguliwa. Nikamwambia angoje Jumamosi, baada ya Salongo. Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha mji. Jumamosi ile nilifyeka majani ya kando ya reli haraka haraka hadi mkuu wa mtaa akanisifu, nikaoga, nikavaa kitenge kizuri, nikavuka barabara.

Nilimkuta Ignace mlangoni anatengeneza redio.

"Ameisha kwenda," akasema bila kuinua kichwa. "Na ule mama wa mwavuli."

Siku tatu tu nilizokuwa nashona, siku tatu! Walikutana materniti, wakakaa benchi moja, na kwa kuwa yule naye alikuwa anarudi mtaa wa juu, Monique alimsindikiza. Ndivyo ilivyoanza. Kwetu mgeni akiondoka humwachi mlangoni. Unamsindikiza, na pale unapomwachia ndipo watu wanapopima anavyokupendeza. Mimi nilikuwa jirani, nani humsindikiza jirani? Miaka yote ile Monique hakunisindikiza popote zaidi ya kuvuka barabara. Huyu mgeni wa juzi alisindikizwa nusu ya kilima, naye akakataa kuachana, akamsindikiza Monique kwa nusu iliyobaki. Wakazunguka chote. Tangu hapo wakawa hawaachani.

Kila jioni niliwaona kutoka kwenye cherehani yangu. Kwanza mwavuli, unachomoza nyuma ya nyumba ya mwisho, halafu wao wawili chini yake, bega kwa bega, wanacheka. Wanacheka nini? Monique na mimi hatukuwa watu wa kucheka ovyo. Tulikuwa watu wa kusengenya, polepole, kwa utulivu. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Nikafumua, nikashona tena vile vile.

Wateja nao hawakunihurumia. Mama Denise, aliyekuwa anangoja sketi ya binti yake, aliwatazama wakipita akaniambia, "Mama Godelieve, mwenzako amekuhama."

"Hajahama," nikamjibu, "anatembeza tumbo. Simama vizuri nikupime."

"Unipime miye? Sketi ni ya mutoto."

Jioni moja nilimeza kiburi changu, nikatoka, nikajiunga nao. Monique alifurahi kweli, akanishika mkono. Hélène akaniamkia, "Bonjour, citoyenne," salamu ya raia tuliyoamriwa siku zile, kwa ile sauti yake ya chini, akasogeza mwavuli ili nami nipate kivuli. Lakini njia ya mikaratusi ni ya watu wawili. Wa tatu anakwenda nyuma. Nilikwenda nyuma. Nilipanda kilima kizima nikitazama migongo yao, na mkono wa Hélène chini ya kiwiko cha Monique kila penye mzizi. Alijua kila mzizi. Alisema, "Mama Kizito, guu hapa," na Monique akaweka mguu hapo bila hata kuangalia. Mbwa wa wakubwa walipobweka, Hélène aliwatisha kwa mwavuli wakanyamaza.

Karibu na tangi nilichoka kunyamaza.

"Monique, huyu mutoto mutamuita Mwavuli, ama?"

Hélène alisimama. Monique aligeuka.

"Godelieve, kama uko na neno, ulitoe."

"Sina neno."

"Kweli?"

"Nimesema sina."

Nikageuka nikarudi nilikotoka, peke yangu. Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia, lakini si mbele ya yule.

Siku iliyofuata ningeweza kubaki nyumbani na sare zangu, kama mtu mwenye akili. Badala yake nilifunga mlango, nikaanza kuzunguka kilima kinyume. Wao wakipanda kwa mikaratusi, mimi nilipanda kwa soko na parokia. Njia ni moja, lazima tukutane. Tulikutana kwenye tangi. Nikapita katikati ya njia, kichwa juu, nikasema, "Bonjour, citoyennes," nikaendelea. Kesho yake hivyo hivyo. Florent aliniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia natafuta afya. Mtaa wote wa juu ulinizoea, wauza dagaa wakawa wanasema, "Yule mama wa kasirani anapita, sasa wale wawili wako karibu." Nilikonda. Kitenge kilinizunguka mara mbili. Na kila mara, kabla ya kona ya tangi, nilitumaini nitamkuta Monique peke yake, na kila mara nikauona mwavuli kwanza.

Jumapili moja walitembea mchana, baada ya misa. Nilivua viatu vya kanisani nikapita upande wangu. Nilipofika tangi, mwavuli ulikuwa chini, umelala wazi katikati ya njia. Monique alikuwa ameketi kwenye mzizi, ameshika shina kwa mikono miwili, na kitenge chake kilikuwa kimelowa.

"Maji imepasuka," Hélène akasema. "Tumupeleke materniti."

Materniti iko chini, ng'ambo ya reli. Nami nikasema tupite kwa soko, barabara ni pana, labda tutapata gari. Hélène akasema hapana, tupite kwa mikaratusi, kuna kivuli, na yeye anaijua njia.

"Unaijua tangu lini? Miye nimezaliwa hapa!"

"Mama Godelieve, jua itamuua."

"Jua haijaua muntu. Leta mukono, Monique."

Nilishika mkono mmoja, Hélène akashika mwingine, na kila mmoja akavuta upande wake. Sasa nikisema hivi naona aibu ya wale wauza dagaa waliokuwa wanatazama, lakini wakati ule sikuona watu. Niliona tu vidole vya Hélène juu ya ngozi ya rafiki yangu, nikavuta.

"Mutanipasua!" Monique akapiga kelele. "Muniache wote wawili!"

Kelele hiyo ilimtoa Mama Adolphine nyumbani kwake. Alikuwa shangazi ya Ignace, mzee aliyewapokea watoto wa nusu ya mtaa wa juu kabla materniti haijajengwa. Alikuja na jembe mkononi, akatutazama tulivyosimama kama wanaogombania gunia la mihogo.

"Mumuingize kwangu," akasema. "Na wa kwanza kusema njia gani, ntamupiga na hii."

Tukamwingiza. Mama Adolphine alitandika mkeka, akatuma mtu kumwita Ignace, akapasha maji, akaweka mkono tumboni. Uchungu ulikuja vizuri, mmoja nyuma ya mwingine. Halafu ukasimama. Hivi hivi tu, kama injini iliyokosa mafuta. Monique alilala akihema, tumbo gumu, macho yamefumbwa, na jua likahama kutoka dirisha hadi mlango bila mtoto kusogea. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nilimpepea kwa upande huu, Hélène kwa upande ule.

Mama Adolphine alisimama, akachota maji kwenye mtungi kwa kikombe cha bati, akakaa katikati yetu.

"Mutoto huyu amefungwa," akasema. "Hii ni mimba ya tatu, njia inajulikana. Kama hapiti, kuna muntu iko na neno ndani ya roho juu ya huyu mama, ao juu ya huyu mutoto. Alitoe hapa. Alitoe yote, asibakize, akamate maji ku kinywa, amupulizie ku tumbo. Bila hivyo tutawalia wote wawili."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mama zetu walifanya hivyo, na bibi zetu. Hata masere alijua, akijifanya hajui. Yule mwenye neno analisema mbele ya mwenye uchungu, anapuliza maji, fundo linafunguka. Kikombe kiliwekwa mkekani, na Monique akafumbua macho.

Aliniangalia mimi. Hakumwangalia Hélène. Aliniangalia mimi na akangoja.

Nilijua lazima niseme. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini niseme nini, na mbele ya nani? Kwamba mimi, Godelieve, mke wa mtu, mshonaji wa nusu ya Kalemie, nimezunguka kilima kinyume siku zote zile kwa sababu ya mwavuli? Kwamba nililia kwenye mashati ya shule? Kwamba usiku nilikuwa naomba lori la Bendera lirudi kumchukua? Hélène mwenyewe alikuwa amepiga magoti pale pale, na uso wake wa upole. Angenihurumia. Ningeweza kuvumilia kitu chochote duniani isipokuwa kuhurumiwa na yule mwanamke. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, ngoja atoke nje hata kuteka maji, nitalisema tukiwa peke yetu.

Hélène akachukua kikombe.

"Ni miye," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Ni miye niko na neno. Mama Kizito, unisamehe. Nilikuja hapa sina muntu. Bwana yangu iko ku kazi mupaka usiku. Ukanikamata mukono, nikasema Mungu amenipa ndugu. Lakini kila siku tunazunguka kilima, na weye unazungumuza Godelieve tu. Godelieve alisema hivi, Godelieve alishona hivi, tulipokuwa kwaya na Godelieve. Kutoka huku mupaka reli, Godelieve. Tunacheka, lakini tunacheka mambo yake. Na miye nikicheka, roho inaniuma." Akafuta machozi. "Na ukaniambia mutoto wa mwanamuke atakuwa na jina yake. Tangu siku ile niko naomba azaliwe mwanaume. Kila asubuyi naomba. Njo hiyo neno. Sina ingine."

Akajaza maji mdomoni, akainama, akapuliza juu ya tumbo la Monique. Matone mengine yalinirukia mkononi.

Sijui hata leo niliona nini zaidi, hasira au furaha. Furaha ilikuwapo. Waliyokuwa wanayacheka, kilima kizima, yalikuwa yangu! Na hapo hapo nikaona kwamba hata wivu wangu amenitangulia kuuchukua, ameusema vizuri, kwa machozi, na mbele ya watu, na mimi nimebaki na nini? Nikisema sasa nitakuwa namwigiza. Nitakuwa wa nyuma tena.

"Kuna mwingine?" Mama Adolphine akauliza.

Monique alikuwa bado ananiangalia.

"Godelieve," akasema polepole. "Uko na neno?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Miye niko na roho nyeupe," nikasema. "Wenye neno wamesema."

Akafumba macho. Uchungu ukarudi.

Wengine watakuambia ungerudi tu, maji yapulizwe yasipulizwe. Labda. Mimi najua nilichokiona. Ulirudi kwa nguvu hata Mama Adolphine akatupa kikombe kando, na kabla dagaa hawajaanuliwa huko nje mtoto alikuwa amefika, akilia kwa hasira, na alikuwa wa kike.

Wa kike! Nilipiga kigelegele mpaka koo likaniuma. Mama Adolphine alimfuta, akamfunga katika kitenge changu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na nilikuwa nimekwisha kukivua kumpa, akaniwekea mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Alikuwa na nywele zilizolowa, na kidole kimoja kimetoka nje ya kitambaa. Nikamwinamia sikioni nikamwita, kimya kimya, mara ya kwanza. Feza. Akanyamaza kulia. Naapa alinyamaza.

Ignace alikuwa amefika, amesimama mlangoni na nguo za misa, anacheka peke yake. Mama Adolphine alinawa mikono, akauliza kama ilivyo haki ya shangazi wa baba:

"Haya. Huyu njo nani?"

"Njo Feza," Ignace akasema kutoka mlangoni. "Si walishaelewana?"

 Monique alikuwa amegeuza uso kuelekea kwangu, na nilidhani anatabasamu, nikamtabasamia.

"Miye nilikungoja, Godelieve," akasema. "Nilikuwa nakufa, na nilikuwa nakungoja weye. Nilijua uko na neno, mutaa yote wanajua. Nikasema hatanikatalia, ni Godelieve." Akapumzika kidogo. "Mwenye alinifungulia iko hapa. Mutoto ni Mauwa."

Mauwa lilikuwa jina la Hélène kwenye karatasi.

"Hapana, Mama Kizito," Hélène akasema haraka. "Hapana, mupe yake. Tafazali." Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote.

"Ni Mauwa," Monique akasema, akalala.

Ignace aliangalia viatu vyake. Mama Adolphine akasema jina lile kwa sauti mara moja, kama desturi inavyotaka, na likawa limekwisha kusemwa. Wajina ndiye anayempokea mtoto. Hélène akasogea kwa magoti juu ya mkeka, akalia, akanyoosha mikono miwili mbele yangu.

Ilibidi Mama Adolphine aniambie mara mbili nimwachie.